Mtoi Akizibwa Njia ya Mkojo Akiwa Tumboni: Madaktari Humtibu Vipi Kabla Hajazaliwa?

Mathe wengi wakienda skani ya miezi mitano, kitu wanataka kuskia ni kimoja tu: ni kijana ama ni msichana? Sasa fikiria badala ya kupata jibu, daktari ananyamaza, anarudisha mashine palepale, anaangalia tena. Halafu anasema kibofu cha mtoto ni kikubwa kuliko kawaida na maji ya chupa yamepungua.

Habari kama hii huacha wazazi wamechanganyikiwa. Wengine hata hawakuwa wanajua mtoto hukojoa akiwa tumboni. Hukojoa, tena sana, na huo mkojo ndio humsaidia kujenga mapafu. Ukizibwa, si figo tu ziko hatarini, hata pumzi yake ya kwanza iko hatarini.

Kuna watoto ambao hutibiwa hii shida kabla hawajazaliwa. Hii hapa stori yote: inatokea vipi, inajulikana vipi, inatibiwa vipi, na matibabu yanaweza kufanya nini na hayawezi nini.

Hii shida ni gani haswa?

Figo mbili hutengeneza mkojo. Mkojo huteremka kwa mirija miwili mpaka kwa kibofu, halafu hutoka nje kwa njia moja ya mwisho. Hiyo njia ya mwisho ikizibwa, mkojo hauna pa kwenda. Kibofu hufura na ukuta wake huwa mnene juu ya kusukuma bila mafanikio. Baadaye presha hurudi nyuma mpaka kwa figo zote mbili na kuanza kuziharibu.

Sababu inayoongoza ni vipande vidogo vya ngozi laini vinavyoota ndani ya njia ya mkojo ya mtoto wa kiume. Madaktari huviita vali za nyuma za yurethra. Ni ngozi nyembamba tu, lakini inakaa kama mlango uliofungwa upande usiofaa. Daktari Mmarekani Hugh Hampton Young wa Johns Hopkins ndiye alizipanga kwa makundi mwaka wa 1919, na mpaka leo madaktari bado wanataja mpango wake.

Vali hizi hupata wavulana pekee, karibu mmoja kati ya wavulana 4,000 hadi 8,000 wanaozaliwa. Sababu nyingine ni njia ya mkojo kukosa kufunguka kabisa, na hiyo ni mbaya zaidi. Wasichana pia wanaweza kuzibwa, lakini ni nadra, na mara nyingi huwa kuna kasoro nyingine kwa viungo vya chini.

Mkojo na mapafu zinaingiliana wapi?

Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Mwanzo wa mimba, maji yanayomzunguka mtoto hutoka zaidi kwa mwili wa mama na utando wa chupa. Lakini kuanzia karibu wiki ya 16, sehemu kubwa ya hayo maji ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Anakojoa, anameza, anakojoa tena. Huo mzunguko unaendelea mpaka siku ya kuzaliwa.

Mapafu ya mtoto nayo hukua yakiwa yamejaa maji, na yanahitaji nafasi ya kupanuka. Kati ya wiki ya 16 na ya 26 hivi ndipo njia ndogo za hewa na mishipa ya damu hujitengeneza kwa kasi. Maji ya chupa yakiisha wakati huo, kifua hubanwa na mapafu hubaki madogo. Mtoto akizaliwa, anaweza kukosa mahali pa kuweka hewa, hata awekwe kwa mashine gani.

Mwaka wa 1946, daktari wa Chicago anayeitwa Edith Potter alieleza sura ya watoto waliozaliwa bila figo: uso uliobanwa, masikio yaliyokaa chini, miguu iliyopinda, na mapafu machanga. Baadaye ilieleweka kwamba mengi ya hayo huletwa na kukosa maji, haijalishi ni nini kilichoyamaliza.

Shika hiyo pointi vizuri, juu ndiyo itakusaidia kuelewa kila kitu kinachofuata. Kinachoua watoto hawa siku za kwanza mara nyingi ni mapafu. Figo huja kusumbua baadaye.

Skani huonyesha nini?

Mama mwenyewe huwa hajiskii mgonjwa. Hakuna maumivu wala homa. Pengine tumbo litaonekana dogo kuliko miezi yake, lakini hata hiyo si lazima. Ndiyo maana bila skani ni ngumu kujua.

Kwa skani, daktari hucheki mambo haya:

- Kibofu kikubwa ambacho hakipungui hata baada ya kungoja. Mtoto mwenye afya hujaza na kumwaga kibofu kila mara.
- Ukuta wa kibofu ulio mnene, na mwanzo wa njia ya mkojo uliopanuka chini yake. Picha hiyo hufanana na tundu la ufunguo, na ndivyo madaktari wanavyoiita.
- Figo zote mbili zimefura, ama zinang'aa kuliko kawaida na zina uvimbe mdogomdogo wa maji. Hiyo ni ishara kwamba zimeanza kuharibika.
- Maji ya chupa ni kidogo ama yameisha.

Mara nyingine shida huonekana mapema, kati ya wiki ya 10 na ya 14, kibofu kikiwa na urefu wa milimita 7 ama zaidi. Hapo usiingize baridi mapema. Kama ni kati ya milimita 7 na 15 na kromosomu za mtoto ziko sawa, karibu 9 kati ya 10 hurudi kawaida zenyewe bila dawa. Kikipita milimita 15, uwezekano wa kuwa njia imezibwa kweli huwa mkubwa.

Si kila figo iliyofura ni noma

Hii lazima isemwe wazi, juu kuna mathe wamekosa usingizi miezi minne kwa sababu ya neno moja kwa ripoti. Figo kufura kidogo ni jambo la kawaida. Huonekana kwa mimba 1 hadi 5 kati ya kila 100, na nyingi hurudi sawa kabla ama baada ya mtoto kuzaliwa.

Kama ni figo moja tu, na maji ya chupa yako fiti, mtoto hahitaji kuguswa akiwa tumboni. Figo ile nyingine inafanya kazi. Anafuatiliwa kwa skani, na akizaliwa anapimwa tena. Matibabu ya tumboni ni ya wale ambao kibofu kimezibwa, figo zote mbili ziko kwa presha na maji yanaisha.

Vipimo kabla ya kuamua

Hakuna daktari makini anayekimbilia sindano siku hiyo hiyo. Kwanza kuna maswali matatu ya kujibu.

La kwanza: mtoto ana kasoro nyingine? Skani ya kina hufanywa kuangalia moyo, uti wa mgongo na viungo vingine. Maji yakiwa yameisha picha huwa na ukungu, kwa hivyo wakati mwingine madaktari huongeza maji ya chumvi ndani ya chupa ili waone vizuri.

La pili: kromosomu ziko sawa? Hupimwa kwa kuchukua maji ya chupa, mkojo wa mtoto ama kipande kidogo cha kondo la nyuma.

La tatu, na ndilo gumu: figo bado zinafanya kazi? Daktari hudunga sindano nyembamba kupitia tumbo la mama mpaka ndani ya kibofu cha mtoto, akiongozwa na skani, na kutoa mkojo. Mkojo wa kwanza huwa umekaa hapo siku nyingi, hauelezi hali ya sasa. Kwa hivyo zoezi hurudiwa baada ya siku moja ama mbili, wakati mwingine mara tatu, ili wapate mkojo mpya.

Wanatafuta chumvi. Figo nzima ya mtoto hurudisha chumvi mwilini na kutoa mkojo mwepesi. Figo iliyoharibika huiachilia ipite. Sodiamu ikiwa chini ya milimoli 100 kwa lita, hiyo ni dalili nzuri. Ikiwa juu ya hapo na inazidi kupanda, figo zimeumia. Kipimo hiki hakisemi ukweli wote, lakini kinasaidia kutenganisha mtoto ambaye bado ana figo za kuokoa na yule ambaye amechelewa.

Mrija unawekwa vipi?

Tiba inayotumika zaidi ni mrija mdogo wa plastiki. Haufungui mahali palipozibwa, unatengeneza barabara ya pembeni. Upande mmoja unakaa ndani ya kibofu cha mtoto na upande wa pili unatokea kwa tumbo lake, ndani ya maji ya chupa. Ncha zote mbili zimejikunja ili usichomoke. Mkojo unapita hapo, kibofu kinapumua, maji ya chupa yanarudi.

Mama huwa macho. Anadungwa dawa ya kufa ganzi kwa tumbo na anapewa dawa za kuzuia maambukizi. Mtoto naye huweza kupewa dawa ya kutuliza maumivu na kumfanya asigeuke. Maji ya chumvi huongezwa kwanza ili kuwe na nafasi, halafu sindano nene yenye tundu huingizwa kwa macho ya skani mpaka kwa kibofu, na mrija unasukumwa ndani yake. Hakuna kupasua tumbo. Baada ya hapo ni skani za kila mara kucheki kama mrija uko mahali pake.

Njia ya pili ni kamera. Daktari huingiza kamera nyembamba sana ndani ya kibofu cha mtoto, anaangalia kilichoziba, na kama ni vali anaichoma kwa leza. Rubén Quintero na wenzake waliripoti kazi hiyo mwaka wa 1995 huko Marekani. Uzuri wake ni kwamba inatibu kizuizi chenyewe. Ubaya ni kwamba leza ikipita mpaka, inaweza kutoboa njia ya mkojo na viungo vya karibu. Ni kazi ya vituo vichache sana duniani.

Njia ya tatu ni kuongeza maji tu, tena na tena, ili mapafu yakue hata kama figo zimeisha. Hii ilijulikana sana mwaka wa 2013 kupitia mbunge wa Marekani Jaime Herrera Beutler, ambaye mtoto wake hakuwa na figo hata moja. Alidungwa maji ya chumvi tumboni wiki kadhaa, binti akazaliwa akipumua, akaishi kwa kusafishwa damu, na mwaka wa 2016 akapewa figo ya babake.

Lakini usichukue hiyo stori peke yake. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka wa 2023 ulifuata mimba 18 za watoto wasio na figo walioongezewa maji. Watoto 17 walizaliwa hai, 14 wakafika wiki mbili wakiwa tayari kuanza kusafishwa damu, lakini ni 6 tu walitoka hosi kwenda nyumbani. Mapafu yalisaidika. Kuishi bila figo ukiwa mchanga hivyo kukabaki mlima mwingine.

Ilianzia wapi?

Wazo la kumtibu mtoto tumboni lilianza na William Liley wa Auckland, New Zealand, aliyemwekea mtoto damu akiwa bado tumboni mwaka wa 1963. Miaka 18 baadaye, mwaka wa 1981, Michael Harrison na kikosi chake cha Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walifungua tumbo la mama na kumfanyia upasuaji mtoto aliyezibwa mkojo. Upasuaji wenyewe ulifaulu lakini mtoto hakuishi baada ya kuzaliwa. Uharibifu ulikuwa umetangulia. Mrija ukaja kushika njia juu haukuhitaji kumpasua mama.

Je, inasaidia kweli?

Hapa tuongee ukweli bila sukari. Utafiti uliojaribu kujibu swali hili kwa kupiga kura nani awekewe mrija na nani angojee uliitwa PLUTO, ukaongozwa kutoka Birmingham, Uingereza, na kutolewa kwa jarida la Lancet mwaka wa 2013. Walitaka mimba 150. Wakapata 31 pekee, juu ugonjwa ni nadra na si rahisi mzazi kuacha bahati imwamulie jambo kama hili.

Kati ya 16 waliopangiwa mrija, watoto 8 walifika siku 28. Kati ya 15 waliopangiwa kungoja, walifika 4. Inaonekana mrija unaongeza nafasi ya kuishi, ingawa kwa watu wachache hivyo bahati pia inaweza kucheza. Lakini walipofika miaka miwili, ni watoto 2 tu katika utafiti mzima waliokuwa na figo zinazofanya kazi kawaida. Wote wawili walikuwa wa upande wa mrija.

Maana yake ni nini kwa mzazi? Mrija unaweza kuokoa pumzi. Hauahidi figo. Mzazi anayekubali anapaswa kujua kwamba anaweza kuwa anachagua mtoto aliye hai ambaye baadaye atahitaji kusafishwa damu na kubadilishiwa figo. Wapo wanaosema ndiyo bila kusita. Wapo wanaosema hapana, wanangoja na kuomba. Uingereza na nchi nyingine huwa kuna chaguo la kukatiza mimba pia. Kwetu, kifungu cha 26(4) cha Katiba ya 2010 kinaruhusu tu mtaalamu wa afya akiona kuna haja ya matibabu ya dharura ama maisha au afya ya mama iko hatarini, ama kama sheria nyingine imeruhusu. Hakuna uamuzi hapo wa kuchekwa na majirani.

Hatari zake

Mrija unaweza kuziba ama kuchomoka, na hii si nadra, ikabidi uwekwe mwingine. Chupa inaweza kupasuka kabla ya wakati, uchungu ukaanza mapema, ama maambukizi yakaingia. Mara chache utumbo wa mtoto hutokea nje kupitia tundu la mrija. Na kuna mimba hupotea kwa sababu ya zoezi lenyewe. Daktari asiyekutajia haya kabla ya kukupa karatasi ya kusaini hajakueleza vya kutosha.

Mtoto akishazaliwa

Matibabu ya tumboni hayamalizi kazi. Mtoto anafaa kuzaliwa hosi yenye chumba cha watoto mahututi na daktari wa upasuaji wa watoto. Si lazima iwe kwa kisu. Wengi wanaweza kuzaliwa kawaida kama hakuna sababu nyingine.

Mara moja anawekewa mpira wa kutoa mkojo, anapimwa damu na skani, na akitulia vali inakatwa kwa kamera ndogo kupitia njia ya mkojo. Kutoka hapo ni kliniki miaka na miaka: presha, maambukizi ya mkojo, kibofu kigumu, na kazi ya figo. Si wachache ambao figo huchoka wakiwa watoto ama vijana.

Na kama skani haikufanywa ama haikuona? Kuwa rada na mtoto mchanga wa kiume ambaye mkojo wake unadondoka badala ya kuruka, anayejikaza akikojoa, tumbo limefura chini, ana homa zisizoeleweka ama haongezi kilo. Usingoje. Mpeleke hosi siku hiyo hiyo.

Kwa mzazi wa Kenya

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama apate skani moja kabla ya wiki ya 24. Wengi wetu huanza kliniki wakiwa wamepita hapo, ama huweka skani mwishoni kwa sababu ya doo. Kwa ugonjwa huu, skani ya miezi minane huja wakati muda wa mapafu kukua umeshapita. Kama una pesa ya skani moja tu, ifanye kati ya wiki ya 18 na ya 22.

Ukiambiwa kuna kibofu kikubwa na maji kidogo, omba rufaa haraka kwa mtaalamu wa mimba zenye hatari kupitia hosi kubwa za rufaa kama Kenyatta jijini Nairobi ama Moi kule Eldoret. Andika maswali haya kwa simu uende nayo:

- Ni figo moja ama zote mbili?
- Maji ya chupa ni kiasi gani, na yalianza kupungua lini?
- Kuna kasoro nyingine yoyote?
- Mkojo wa mtoto unaweza kupimwa, na wapi?
- Mrija utasaidia mapafu, figo, ama yote?
- Nizalie wapi, na nani atampokea mtoto?
- SHA inalipia nini na mimi nijipange na nini?

Kuna jambo moja la mwisho, na hili waambie pia mashemeji, nyanya na majirani. Hizi vali hujitengeneza miezi ya mwanzo ya mimba, kabla hata mama aanze kuonyesha tumbo. Hazitokani na kile alikula, kubana mkojo, kazi ngumu, laana wala damu ya upande wa nani. Kunywa maji mengi ni vizuri, lakini hakufungui njia iliyozibwa, na dawa za mitishamba zinaweza kumuumiza zaidi. Anachohitaji mathe kama huyu ni mtu wa kumsindikiza kliniki na nauli ya kufika mapema.